Yaliyopita Si Ndwele? Waogiek, Msitu wa Mau na Siasa ya Kukana

Ipo methali ambayo hutajwa karibu kila mara wananchi wanapodai ardhi waliyopokonywa zamani: yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni methali nzuri, na waliotuachia hawakuwa wajinga. Ndwele ni maradhi, na kuganga ni kutibu. Wazee walimaanisha kwamba maradhi yakishapona hayana haja ya mganga, kwa hiyo dawa ihifadhiwe kwa ajili ya yatakayokuja. Lakini methali hiyo ina sharti lake ndani, nalo husahauliwa sana: jambo lenyewe liwe limepita. Mgonjwa ambaye kidonda chake bado ki wazi haambiwi kwamba maradhi yake ni ya jana. Akiambiwa hivyo, methali imeacha kuwa hekima, imekuwa kifuniko. Leo nataka tuzungumze juu ya kifuniko hicho, na juu ya watu ambao kimewekwa juu yao kwa muda wa karibu karne nzima: jamii ya Ogiek wa Msitu wa Mau, nchini Kenya.

Hoja yangu ni moja. Tunaposikia kwamba wanasiasa wanakana dhuluma za kihistoria, tunafikiri wanakana tukio. Tunamwona mtu akisimama na kusema: hakuna aliyefukuzwa, hakuna nyumba iliyochomwa, hakuna aliyekufa. Wapo wanaosema hivyo, lakini si wengi, kwa sababu matukio huacha kumbukumbu na mashahidi. Njia iliyo nyepesi zaidi ni kumkana mtendewa. Husemwa kwamba watu hao hawako, au walikuwako zamani lakini hawako tena, au wako lakini hawana tofauti yoyote na majirani zao. Mtu akishakanwa yeye mwenyewe, alichotendewa hakihitaji kukanwa, maana deni lisilo na mdai hujifuta lenyewe. Ndiyo sababu nasema kwamba maridhiano na jamii za asili hayaanzi kwa neno la pole, hata likitamkwa kwa machozi. Huanza kwa kutambua, na kutambua huko huthibitishwa na karatasi yenye muhuri, yaani hati ya ardhi.

Tuanze na watu wenyewe. Waogiek wameishi kwa kuwinda, kuchuma na kurina asali katika nyanda za juu za Mau, magharibi mwa Bonde la Ufa. Asali kwao ilikuwa chakula, dawa, kinywaji cha sherehe na sehemu ya mahari. Msitu haukuwa pori lisilo na mwenyewe; uligawanywa kwa koo, kila ukoo na eneo lake lililopanda kutoka mabondeni hadi vileleni, ili warina asali waweze kuyafuata maua kadiri yanavyochanua kwa misimu. Huo ulikuwa utaratibu wa umiliki, wenye mipaka inayojulikana na warithi wanaojulikana. Kilichokosekana ni ofisi ya kuuandika. Hata jina ambalo wageni walilipokea kwa ajili yao, Dorobo, lilitoka katika neno la Kimaasai la kumtaja mtu asiye na ng'ombe, yaani maskini. Kwa hiyo waliingia katika vitabu vya serikali ya kikoloni wakiwa wameelezwa kwa kile wasichokuwa nacho, na mtu aliyeandikwa kwa upungufu wake ni rahisi kumhesabu kuwa hana kitu cha kupokonywa.

Ushahidi wa mapema wa kukanwa huko uko katika kazi ya Tume ya Ardhi ya Kenya, iliyoteuliwa mwaka 1932 chini ya Jaji Morris Carter na ambayo ripoti yake ilitoka miaka miwili baadaye. Tume hiyo ilipokea madai ya jamii nyingi na kuzichorea mipaka ya hifadhi zao. Ilipofika kwa wale iliowaita Dorobo, haikuwapa eneo lao. Ilipendekeza kwamba, kila inapowezekana, wahamishiwe katika hifadhi za makabila makubwa waliyokaribiana nayo na wamezwe humo. Tulipime pendekezo hilo vizuri. Tume haikusema kwamba watu hao hawapo, kwani isingeweza kupendekeza kumhamisha asiyekuwapo. Ilisema kwamba haifai waendelee kuwapo wakiwa watu wenye jina lao na mahali pao. Ardhi iliyobaki ikawa msitu wa serikali, na mrina asali aliyebaki ndani yake akageuka mvamizi katika nchi ya babu yake, bila yeye kusogea hatua moja.

Uhuru ulipokuja tarehe 12 Desemba 1963, bendera ilibadilika lakini rejista ya ardhi ikabaki ile ile. Serikali mpya ilirithi misitu ikiwa mali yake, na kwa miongo iliyofuata Waogiek walifurushwa mara kwa mara, huku sehemu za msitu huo huo zikigawiwa wengine. Mwaka 2001 pekee, zaidi ya hekta 60,000 za Mau ziliondolewa katika hifadhi kwa uamuzi wa serikali. Mau yote ina takriban hekta 400,000, kwa hiyo tunazungumzia kipande kikubwa sana, kilichotolewa kwa jina la kuwapa makao wasio na ardhi, wakiwamo Waogiek. Tume ya Ndung'u, iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma na kutoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi za aina hiyo zilivyoangukia mikononi mwa wenye vyeo na marafiki zao. Kisha Oktoba 2009, msitu ulipokuwa umeharibika kiasi cha kutisha, Shirika la Huduma za Misitu lilitoa ilani ya siku 30 kwa wakazi wa Mau kuondoka. Ilani hiyo haikutofautisha kati ya aliyefika juzi akiwa na cheti cha mgao na yule ambaye ukoo wake ulikuwa umetundika mizinga humo kabla serikali yoyote haijakuwapo.

Ilani hiyo ndiyo iliyozaa kesi. Mashirika ya kutetea haki, likiwamo Shirika la Maendeleo ya Waogiek, yalipeleka malalamiko kwa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na mwaka 2012 Tume hiyo ikaifikisha kesi mbele ya Mahakama ya Afrika yenye makao yake Arusha. Ilikuwa kesi ya kwanza ya haki za jamii ya asili kuamuliwa na mahakama hiyo. Hapo ndipo tunapopaswa kutega sikio tusikie serikali ilijitetea kwa hoja gani. Ilisema kwamba Waogiek si kabila la peke yake bali ni mchanganyiko wa watu wa jamii mbalimbali. Ilisema pia kwamba Waogiek wa leo si wale wa miaka ya 1930, kwa kuwa wamebadilika, wanalima, wanafuga na kuishi kama wengine. Tazama hoja hizo zinavyofungana na pendekezo la Tume ya Carter. Kwanza dola inaagiza watu wamezwe. Inawaondolea msitu uliokuwa ukiwalisha. Wanapolima ili wasife njaa, dola hiyo hiyo inarudi na kuwaambia kwamba kwa kuwa mmelima, si ninyi tena. Jeraha limegeuzwa kuwa ushahidi dhidi ya aliyejeruhiwa.

Mahakama haikukubali. Katika hukumu yake ya tarehe 26 Mei 2017 ilisema kwamba Waogiek ni jamii ya asili, sehemu ya watu wa Kenya, yenye hadhi yake na inayostahili ulinzi maalumu kwa sababu ya unyonge wake. Iliona kwamba Kenya ilikuwa imekiuka vifungu kadhaa vya Mkataba wa Afrika: haki ya kutobaguliwa, ya kumiliki mali, ya dini, ya utamaduni, ya kutumia rasilimali zao na ya maendeleo. Tarehe 23 Juni 2022 ikatoa uamuzi wa pili, juu ya fidia. Iliamuru shilingi 157,850,000 za Kenya ziwekwe katika mfuko wa maendeleo wa jamii hiyo, na ikaipa serikali miaka miwili kupima ardhi ya asili ya Waogiek, kuiwekea mipaka na kuwapa hati ya pamoja. Walalamikaji walikuwa wameomba pia serikali iamriwe kuomba radhi hadharani na kujenga mnara wa kumbukumbu. Mahakama haikuyaamuru hayo mawili. Ilisema kwamba hukumu zenyewe zinatosha kuwa kiridhisho. Wapo waliosikitika. Mimi naona kwamba majaji waligusa kiini cha jambo: radhi huweza kutamkwa na mtu asiyekusudia kurudisha kitu, lakini anayetoa hati amekwisha kukiri, hata kama midomo yake imefungwa.

Na sasa tufike kwenye ugonjwa wenyewe, ule unaosemekana kuwa umepita. Baada ya hukumu ya 2017 serikali iliunda jopokazi, muda wake ukaongezwa, likaundwa upya. Novemba 2023, mwaka mmoja na miezi kadhaa baada ya uamuzi wa fidia, mamia ya Waogiek wa Sasimwani, kaunti ya Narok, walifurushwa na nyumba zao zikabomolewa. Juni 2024, ule muda wa miaka miwili ukamalizika bila hati kutolewa. Jirani zao Waendorois wanaijua njia hiyo. Waliondolewa kando ya Ziwa Bogoria katika miaka ya 1970 ili kupisha hifadhi ya wanyama. Tume ya Afrika ikawapa haki katika uamuzi ulioidhinishwa na Umoja wa Afrika mwezi Februari 2010. Na hadi hivi leo hawajarudishiwa ardhi yao. Hii nayo ni namna ya kukana, na pengine ndiyo iliyokomaa kuliko zote. Haina hotuba wala mabishano. Inaipokea hukumu kwa heshima, inaisifu mahakama, inaunda kamati, kisha inaiachia kalenda ifanye kazi ambayo hoja zilishindwa kuifanya.

Mtu atasema: lakini Kenya iliomba radhi. Ni kweli, na ni haki tuliseme. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilikabidhi ripoti yake mwezi Mei 2013, baada ya kuchunguza yaliyotendeka tangu siku ya uhuru hadi Februari 2008. Ndani yake mna sehemu nzima juu ya jamii ndogo na za asili. Lakini makamishna watatu waliotoka nje ya Kenya waliandika kwamba hawakubaliani na sura ya ardhi ilivyochapishwa, kwa kuwa baadhi ya aya zake zilibadilishwa baada ya kukamilika. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta alisimama mbele ya Bunge, akaomba msamaha kwa niaba yake, serikali yake na serikali zilizotangulia, na akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10. Yalikuwa maneno mazito ambayo hakuna rais wa Kenya aliyewahi kuyatamka kabla yake. Hata hivyo Bunge halikuipitisha ripoti yenyewe, na waathiriwa waliendelea kwa miaka kuuliza mfuko huo uko wapi. Yaani radhi ilitangulia, utambuzi ukabaki nyuma, na radhi hiyo ikakosa miguu ya kutembelea.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Kanada iliwachukua watoto wa jamii za asili zaidi ya 150,000 na kuwaweka katika shule za bweni ambako walikatazwa lugha zao na wengi wakafa. Tarehe 11 Juni 2008 waziri mkuu wake, Stephen Harper, aliomba radhi bungeni. Septemba mwaka uliofuata, katika mkutano wa mataifa tajiri huko Pittsburgh, kiongozi huyo huyo aliuambia ulimwengu kwamba Kanada haina historia ya ukoloni. Sidhani kwamba alikuwa ameisahau hotuba yake ya mwaka uliotangulia. Naona alikuwa amekiri kosa la shule bila kukiri kwamba waliotendewa walikuwa mataifa yenye ardhi, na asiyekiri ardhi hauoni ukoloni hata akiwa amesimama juu yake. Australia nayo iliomba radhi Februari 2008 kwa watoto walioporwa kutoka kwa wazazi wao. Oktoba 2023 wapiga kura wake wapatao asilimia 60 walikataa katiba iwataje wenyeji wa asili na kuwapa chombo cha kusikilizwa. Pote pawili moyo ulikuwa tayari kuhuzunika, lakini mkono haukuwa tayari kuandika.

Sasa nizijibu hoja za upande wa pili, kwa sababu zipo, na baadhi zina uzito. Ya kwanza husema kwamba Afrika hatuna jamii za asili na jamii za kigeni: sote ni wenyeji, na neno hilo lililetwa kutoka Amerika na Australia, ambako Wazungu waliwakuta watu na kuwafuta. Kenya ilikuwa na wasiwasi huo Septemba 2007, Umoja wa Mataifa ulipopitisha azimio la haki za watu wa asili kwa kura 144; Kenya na Burundi zilikuwa miongoni mwa nchi 11 zilizojizuia kupiga kura. Wasiwasi huo unaeleweka katika bara lililoumizwa na wanasiasa wanaowapanga wananchi kwa aliyetangulia na aliyefuata. Lakini Tume ya Afrika ilikwisha kueleza, mwaka huo huo, kwamba kwetu neno hilo halina maana ya kushindana nani alifika kwanza wala ya kuwavua wengine uraia. Linawataja watu ambao maisha yao yamefungamana na ardhi fulani na ambao, kwa sababu ya maisha hayo, walisukumwa pembeni wakati wengine wakigawiwa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yenyewe inakubali hivyo. Kifungu cha 63 kinahesabu ardhi za asili za jamii za wawindaji na wachumaji kuwa ardhi ya jamii. Kwa hiyo anayesema kwamba watu wa namna hiyo hawako anabishana na katiba ya nchi yake.

Wengine huongeza kwamba kuitambua jamii moja ni kufungua mlango wa kuigawa nchi. Tuangalie yaliyokwisha kutokea. Wamakonde waliokuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya pwani waliishi Kenya kwa vizazi bila vitambulisho, mpaka walipotambuliwa mwishoni mwa 2016 na kuhesabiwa kuwa kabila la 43. Mwaka 2023 ikawa zamu ya Wapemba, wavuvi wa pwani ya Kilifi na Kwale. Je, Kenya imegawanyika? Watu waliokuwa wakijificha polisi wamesajili simu, wamefungua akaunti za benki, wamepeleka watoto shule kwa majina yao halisi. Nchi imeongeza raia wanaoitegemea na kuitumainia. Ikiwa ilikuwa rahisi kuwatambua waliovuka mpaka na bahari, haiwezi kuwa hatari kuwatambua ambao hawajawahi kutoka msituni ila kwa kufukuzwa.

Hoja ya pili ni ya msitu, na hii haifai kuchezewa. Mau ni mnara wa maji wa eneo letu lote. Ndimo unamozaliwa Mto Mara, unaopita Maasai Mara, ukaingia Serengeti na kuishia Ziwa Viktoria katika mkoa wa Tanzania uliobeba jina lake. Mito ya Ziwa Nakuru na ya Ziwa Natron huanzia huko pia. Mkulima wa Musoma na mfugaji wa Loliondo wana haki ya kuuliza nani anaulinda. Lakini swali hilo lilifikishwa Arusha na likajibiwa. Mahakama haikupata ushahidi kwamba Waogiek ndio walioharibu msitu. Ushahidi uliokuwapo, ukiwamo wa jopo la serikali yenyewe la mwaka 2009, uliwaelekea wavamizi wengine, ugawaji uliofanywa na serikali na vibali vya kukata miti. Hayo hayawafanyi Waogiek kuwa malaika. Wapo waliouza ardhi, wapo wanaolima mahindi kama jirani zao, na msitu haulindwi kwa nasaba. Unalindwa kwa kanuni na kwa mtu mwenye sababu ya kuzifuata. Asiyejua kama atakuwapo mwakani hapandi mti, huvuna alichokikuta. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya mwaka 2016 hairuhusu ardhi hiyo kuuzwa ila theluthi mbili ya wanajamii waliosajiliwa waridhie, nao uamuzi wa 2001 ulihitaji nini? Ulihitaji tangazo la gazeti rasmi na sahihi ya waziri. Kati ya kufuli hizo mbili, ipi ngumu kuvunja?

Kwa majirani zetu tunaona hivyo hivyo. Batwa wa Uganda waliondolewa Bwindi na Mgahinga misitu hiyo ilipofanywa hifadhi za taifa mwaka 1991, na ilibidi wangoje hadi Agosti 2021 Mahakama ya Katiba iseme kwamba walitendewa isivyo haki. Batwa wa Kahuzi-Biega, mashariki mwa Kongo, nao walishinda mbele ya Tume ya Afrika. Katika kila kisa jina la mazingira lilitumika kumwondoa yule aliyeyakuta mazingira yakiwa mazima na kuyaacha mazima. Kulinda msitu ni wajibu. Kuutumia wajibu huo kufuta deni ni jambo jingine.

Hoja ya tatu inaturudisha kwenye methali yetu: haya ni ya kale, walioyatenda wamekufa, kizazi cha leo hakina hatia. Ni kweli kwamba hatia hairithiwi. Lakini mali hurithiwa, na madeni hurithiwa pamoja nayo. Katika mirathi yoyote ya Kiislamu au ya kimila deni la marehemu hulipwa kabla warithi hawajagawana. Dola iliyorithi ramani za mkoloni imerithi pia madeni yaliyoandikwa juu ya ramani hizo. Tena Wakenya tunalijua jambo hili kutoka upande wa pili wa meza. Wazee wa Mau Mau walipoishitaki Uingereza kwa mateso ya kambini, serikali ya London ilijitetea kwamba dhima yote ilihamia Nairobi mwaka 1963, na kwamba muda ulikuwa umepita mno. Mahakama Kuu ya London ilizikataa hoja zote mbili, na Juni 2013 Uingereza ikakubali kuwalipa wadai 5,228. Tulishangilia. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Frank-Walter Steinmeier wa Ujerumani aliomba msamaha mjini Songea kwa unyama wa Vita vya Maji Maji, vita vilivyokwisha zaidi ya miaka 110 kabla. Hakuna Mtanzania aliyemwambia kwamba yaliyopita si ndwele.

Basi kipimo hicho hicho tukiweke nyumbani. Sheria iliyotungwa Kenya mwaka 2016 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kupokea madai ya dhuluma za kihistoria, lakini ikaweka ukomo wa miaka mitano, nao ukafika Septemba 2021. Tuliwakatalia Waingereza waliposema muda umepita. Tukaandika maneno hayo hayo katika sheria yetu wenyewe. Na asiseme mtu kwamba Waogiek wanatafuta utajiri kwa migongo ya walipa kodi. Katika kesi hiyo Waogiek walitajwa kuwa takriban 20,000. Gawanya fidia kwa idadi hiyo, kila mmoja anapata kama shilingi 7,900, pesa isiyotosha hata ng'ombe mmoja. Wanachodai kwa kweli ni mahali pa kusimama na kusema: hapa ni petu, na serikali yetu inajua.

Yanayopaswa kufanywa hayahitaji tume nyingine. Wapimaji waende Mau pamoja na wazee wa koo wanaoijua mipaka. Wale walionunua au kugawiwa kwa nia njema wasikilizwe na wapewe njia ya haki, maana dhuluma haiponywi kwa dhuluma. Hati ya pamoja itolewe ikiwa na masharti ya kulinda chemchemi na miti ya asili, yaliyoafikiwa mezani na si kutangazwa kwa ilani. Mfuko ulioamriwa uwekewe fedha. Na sisi wasikilizaji tuna sehemu yetu. Kiongozi anapokuja kutuhubiria maridhiano, tusimpime kwa ulaini wa sauti yake. Tumwulize jambo moja tu: hati iko wapi?

Siku hati hiyo itakapotoka, mrina asali wa Sasimwani ataweza kutundika mzinga wake akijua kwamba mwanawe ndiye atakayeurina. Siku hiyo tutakuwa na haki ya kuitamka methali yetu bila kuogopa kwamba tunamfunika mtu. Mpaka hapo, ndwele hii si ya jana, ni ya leo, na dawa yake imekwisha kuandikwa Arusha. Inangoja mtu wa kuitoa.